Chujio Jeupe la Ghala la Salfa

Shika kola ya shati lako. Sasa shuka chini kidogo, karibu na ncha ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni hadi begani, mahali ambapo ukiinamisha kichwa pua inakaribia kugusa. Hapo ndipo chujio linapokaa. Si mfukoni, si mezani kwa karani, na wala si kwenye msumari ukutani, kama nilivyoona kwenye ile picha mliyonitumia kwenye simu wiki iliyopita mkitabasamu. Niliitazama nikasonya kwa nguvu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani kanikosea. Msumari! Tangu lini msumari ukavuta pumzi?

Nyinyi vijana mlioingia nafasi zetu, mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yetu ya kupima hewa. Mmesema mnataka maneno ya kuwatia moyo mnapoanza. Sina maneno hayo. Nimestaafu, nipo zangu Lulindi na mikorosho yangu, presha haishuki, na kila nikiikumbuka kazi hii nakasirika upya. Naandika kwa sababu nimeona ule msumari, nikajua mtarudia upuuzi nilioufanya mimi, nami bado niko hai kuushuhudia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mfanyakazi anavaa kiunoni pampu ndogo, ya kushikika kwa mkono mmoja. Kutoka kwenye pampu unapanda mpira mwembamba mpaka karibu na kola, na kwenye ncha ya mpira kuna kikasha chenye chujio la duara, jeupe pe. Pampu inavuta hewa ileile anayoivuta mwenyewe kutwa nzima, na vumbi linanasa kwenye chujio. Jioni unalitoa, linakwenda maabara, linapimwa uzito. Ukitoa uzito wa asubuhi kwenye uzito wa jioni, unajua mapafu ya mtu huyu yanalishwa nini kila siku. Basi. Hakuna uchawi hapo. Shida yote iko kwa binadamu, na binadamu wa kwanza ni wewe uliyeishika pampu.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, fundi wa zamani, mtu wa Newala, mfupi, ana sauti kubwa kuliko mwili. Zamani hizo hatukuwa na pampu zinazoonyesha namba zenyewe kwenye kioo kama zenu. Ili kujua pampu inavuta kiasi gani, tulikuwa na mrija mrefu wa kioo uliochorwa mistari. Pampu unaiunga juu yake, unachovya mdomo wa chini kwenye maji ya sabuni, kiputo kinaingia na kupanda polepole ndani ya mrija, nawe umeshika saa mkononi. Unahesabu sekunde kutoka mstari wa chini mpaka wa juu. Lita mbili kwa dakika, hakuna kuzidi wala kupungua. Siku yangu ya kwanza nilitumia sabuni ya mche na maji yenye chumvi, kiputo kinapasuka kabla hakijafika popote. Nikaongeza sabuni. Nikakoroga. Nikaongeza tena. Mzee akaingia akanikuta povu limenifika kwenye viwiko, meza imelowa, fomu zinaelea.

"Wewe," akasema, "unapima hewa au unafua mashuka?"

Aliniita Dobi kwa miaka miwili mizima baada ya hapo. Mbele za watu.

Alinifundisha kutoshika chujio kwa vidole, maana hata jasho la kidole lina uzito, na mizani ile haina simile. Alinifundisha kwamba katika kila safari lazima kuwe na chujio moja linalosafiri na wenzake, linafunguliwa na kufungwa kama wao, ila halivuti hewa hata kidogo. Tuliliita shahidi. Shahidi akirudi ameongezeka uzito, ujue uchafu umeingia njiani, si kazini. Mara moja nilimweka shahidi kwenye begi moja na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, niliyofungiwa na shemeji yangu wa Mnyambe. Maabara wakapiga simu kuuliza imekuwaje shahidi kawa mchafu kuliko washtakiwa. Mzee Chilumba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanirudisha kupima upya, kwa miguu, kwa sababu gari alikataa kunipa.

Na alinifundisha kitu kingine, ambacho laiti ningekishika. Alisema: kabla hujawasha pampu yoyote, ingia mwenyewe mahali penyewe, kaa, vuta pumzi. Ukitoka penga kamasi kwenye kitambaa cheupe, ukitazame. Namba za maabara zikija, ziweke pembeni ya kile kitambaa. Zikipishana, usiandike neno lolote mpaka ujue nani kati yao anadanganya.

Kupenga nilikuwa napenga kila mara. Kitambaa nilikuwa nacho hata siku ninayotaka kuwaambia. Nilikiona. Nikakikunja nikakitia mfukoni. Mpumbavu mimi.

Ghala lenyewe sitalitaja, lipo Masasi mjini, na wenyewe wanajijua. Mnajua mikorosho inavyougua ubwiri unga inapoanza kutoa maua, na mnajua dawa yake kubwa huku kwetu ni salfa, ule unga wa njano. Kabla ya msimu malori yanaleta salfa kwa mamia ya mifuko, na barabara ni hizi hizi zetu, kwa hiyo mifuko inachanika. Iliyochanika haitupwi. Inaingizwa nyuma ya ghala, wanawake wanapiga magoti sakafuni, wanachota unga kwa makopo, wanaujaza kwenye mifuko mipya, wanaishona, wanafagia uliomwagika, wanaujaza na huo. Miezi mitatu, kila mwaka. Madirisha ya upande ule yalikuwa yanafungwa, kwa sababu meneja alisema upepo unapeperusha mali. Mnaelewa nilichoandika? Upepo usichukue salfa. Mapafu ya wanawake yakichukua, hiyo si hasara.

Wanawake wakalalamika. Walisema vifua vinabana, macho yanawaka, wengine wanatapika asubuhi. Wakaomba madirisha yafunguliwe na wapewe barakoa za maana, si vitambaa. Meneja akasema hewa ni safi, hao wamezoea kudeka. Ofisi yetu ikaambiwa ikate mzizi wa fitina: ipime. Nikatumwa mimi. Kwa hiyo kila mtu pale alijua kwamba jibu la pampu zangu ndilo litakaloamua madirisha yafunguliwe au yabaki vilevile.

Nikaingia kwanza kama nilivyofundishwa. Hewa ya ndani unaiona kwa macho, kwenye miale ya jua iliyopenya mabati, njano tupu. Nikatoka nikapenga. Kitambaa kikawa cha njano. Nikaita wanawake wanne mlangoni. Mbele yao alikuwa Mama Zuhura, mwenyeji wa Kitangari, mwanamke mrefu, mchangamfu, anayeshuka Masasi kila msimu kwa kazi hiyo. Waliuliza mwanangu wa kwanza anaitwa nani, nikasema Edna, basi kutwa nikawa Baba Edna. Nikawaonyesha kwenye shati langu mwenyewe: pampu kiunoni, mpira unapita mgongoni, kikasha kinabanwa hapa.

"Mmeelewa mama zangu?"

"Tumeelewa, Baba Edna."

"Ni mali ya watu hii, muitunze."

Hayo nayo niliyasema kwa mdomo wangu. Ni mali ya watu, muitunze. Nikawakabidhi pampu mikononi, nikageuka nikawapa mgongo ili wavae.

Nitawaeleza kwa nini niligeuka, na msicheke. Mimi ni mtoto wa katekista wa Lulindi. Nimelelewa kwamba mwanamke akigusa nguo yake, mwanamume anatazama miti. Kikasha kinakaa wapi? Kifuani. Kuhakikisha kimekaa sawa ni kumkodolea macho mke wa mtu kifuani, kutwa nzima, kila nusu saa. Niliona haya. Nikakaa mlangoni kwenye kibao, nikatazama miti. Kila nusu saa nilipaza sauti bila kugeuka, "Inanguruma?" Na wao wakajibu kwa pamoja, "Inanguruma!" Nami nikaandika kwenye fomu: pampu inafanya kazi. Huko ndani wanakohoa. Nilikuwa nasikia. Fomu haikuwa na mstari wa kuandika kikohozi, kwa hiyo sikukiandika.

Jioni wakanirudishia pampu zikiwa zinang'aa. Mama Zuhura alinipa ya kwake kwa mikono miwili, ameukunja mpira vizuri, kikasha hakina hata chembe kwa nje. Nikawashukuru. Nikawasifu! Nikasema laiti viwanda vyote vingekuwa na watu waangalifu kama nyinyi.

Machujio yakarudi kutoka maabara karibu meupe kama yalivyokwenda. Shahidi msafi. Kiputo kilipanda vizuri asubuhi na jioni. Kila mstari wa fomu umejazwa. Na kwenye droo yangu kulikuwa na kitambaa cha njano. Kitambaa kilitoka ndani ya ghala lile lile siku ile ile, baada ya robo saa tu, na chujio lililokaa mle kutwa ni jeupe! Mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Mimi sikuuliza. Mzee Chilumba alikuwa amekwishazikwa, hakuna wa kuniita Dobi, na namba zilikuwa nzuri zimepangika, nikazipenda. Nikaandika: "Hali ya hewa ndani ya ghala ni ya kuridhisha. Hakuna hatua inayohitajika kwa sasa." Nikatia sahihi, kubwa, yenye mkia.

Meneja akaitia ripoti yangu kwenye fremu ya kioo, akaitundika ofisini kwake. Mwanamke akija kulalamika, anaonyeshwa kwa kidole.

Ilipita misimu miwili. Nilipanda Kitangari kwenye msiba wa upande wa mke wangu. Siku ya tatu, watu wameanza kutawanyika, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu kikohozi kile cha kukata, kinachomwinamisha mtu mpaka ashike magoti. Nikageuka. Ni Mama Zuhura. Sikumtambua mara moja. Yule mrefu amepinda, mabega yamepanda juu kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana.

"Shikamoo, Baba Edna. Umenisahau."

"Marahaba, Mama Zuhura. Nitakusahauje. Unaumwa?"

"Aa, ndo hivyo. Bondeni kuteka maji siendi tena. Anakwenda Zuhura." Akapumua, akacheka kidogo. "Msimu jana walinifukuza kule ghalani. Wakasema mvivu, nakaa kaa chini."

Tukakaa kwenye mkeka. Akanieleza. Alikwenda hospitali, akasema amefanya kazi kwenye salfa. Daktari mwenyewe aliona kuna jambo, akaandika barua kwenda ghalani kuuliza hali ya hewa kule ikoje. Ghala likajibu haraka sana, maana jibu lilikuwa tayari limetundikwa. Wakatoa nakala. Basi ikaandikwa kwenye cheti chake kwamba kifua hakitokani na kazi. Nyumbani mume akamwambia anajisingizia. Wifi zake wakasema karogwa, wakampeleka kwa mganga akachanjwa. Wengine wakasema ni ugonjwa ule mwingine, wakaacha kunywa maji kwenye kikombe chake. Akatoa ile nakala kwenye pindo la kanga, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hii si sahihi yako, Baba Edna?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayemwonyesha mgeni picha yake ya zamani. Mkia wa sahihi ulikuwa pale pale.

Nikaanza kujikanyaga. Nikamwambia, Mama Zuhura, mashine zilionyesha hivyo, machujio yalikuwa meupe.

Uso wake ukachangamka. "Yalikuwa meupe kweli? Si unaona! Tulikatunza kale kamashine. Mimi nikawaambia wenzangu, huyu katuachia mali ya watu, tukikaacha wazi vumbi lote litaingia mle kwenye kale kadude. Tukakafunika na kanga, tukafunga fundo. Kutwa nzima hakakuingia hata vumbi. Jioni tukakafuta."

Watu wangu, nyinyi ambao hamkuzaliwa huku hamtaelewa mara moja. Kule juu Kitangari maji ni ya kufuata bondeni, unapanda nayo kichwani mlima mzima. Kila chombo kinafunikwa. Ndoo inafunikwa, mtungi unafunikwa, chakula cha mgeni kinafunikwa, na mwanamke anayeacha kitu cha mtu wazi kikaingia vumbi anasemwa mpaka aone aibu. Mimi naujua utaratibu huo. Mke wangu ni wa huko huko. Na bado nilimpa mwanamke wa Kitangari kitu, nikamwambia ni mali ya watu akitunze, nikamweka penye vumbi, nikampa mgongo. Angefanya nini kingine? Alinifanyia heshima. Nami kwa heshima yangu ya kijinga sikugeuka hata mara moja kuona kwamba pua ya mashine imefungwa kwa kanga na fundo.

Sikumwambia siku ile. Naomba mlisome hilo mara mbili. Niliagana naye, nikapanda pikipiki, nikashuka mpaka Masasi nikiwa nimekasirika hata sikumsikia dereva akinisemesha. Nilimkasirikia meneja. Nilimkasirikia daktari aliyeamini karatasi akaacha kifua kilichokaa mbele yake. Ilichukua usiku kucha mpaka hasira ikafika inapostahili.

Kesho yake nikamwandikia mkuu wangu barua: mimi niliyetia sahihi ripoti ile naifuta, vifaa vilifunikwa na sikuvikagua, kosa ni langu, naomba kupima upya. Akaisoma akavua miwani.

"Unataka kujiumbua uzeeni?"

"Nataka kupima upya."

"Karatasi ya serikali haifutwi kwa sababu ya kanga, bwana."

"Mle ndani watu wanaumia, mkuu."

"Umebakiza muda mfupi ustaafu. Nenda kapumzike, hili litajifia."

Litajifia! Nilimwambia kitakachokufa ni watu. Nikapandisha sauti mpaka katibu muhtasi akafunga mlango. Nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Asubuhi akifika ananikuta, mchana akienda kula ananipita, jioni akitoka ananiaga kwa kukereka. Kazi zangu nyingine nilizifanyia palepale kwenye benchi. Wiki ya pili akatoka na kibali, amekitia sahihi, akakiweka mapajani mwangu bila salamu. Nilimwambia asante mkuu, naye akasema ondoka hapa.

Sasa sikilizeni kuhusu mameneja, maana hili mtalikuta kila mahali. Nilipofika ghalani sakafu ilikuwa imenyunyiziwa maji, madirisha wazi, mifuko iliyochanika haipo, na wanawake wawili tu wanashona mifuko mizima kwa madaha. Nani aliwaambia nakuja, sijui, na nikijua sitawaambia. Meneja akasema, "Karibu, pima." Nikamwambia sina haraka. Nikaweka kibao changu, safari hii ndani. Siku ya kwanza nikakaa. Ya pili nikakaa. Akaniletea soda, nikainywa, nikakaa. Msimu haungoji: wakulima wanataka salfa yao, malori yako getini, mifuko iliyochanika imefichwa nyuma ya choo inalowa umande. Siku ya nne asubuhi akasalimu amri, mifuko ikaingizwa, madirisha yakafungwa, na kazi ikaanza kama inavyofanyika kila siku. Hiyo ndiyo siku ya kupima. Siku ya wageni haipimwi.

Nikawaita wanawake. Kabla sijagawa pampu, nikafungua kikasha mbele yao, nikawaonyesha chujio, nikamwomba mmoja aweke kidole kwenye tundu aone linavyovuta. Nikawaambia: hii ni pua. Kazi yake ni kuchafuka. Ikichafuka msinionee huruma, ikirudi safi mtakuwa mmeniziba pua. Na nikawaambia leo nitawatazama kifuani, kila nusu saa, mchana kutwa, anayeona vibaya aseme sasa.

Mama mmoja mtu mzima akanishushua, "Uzee wako huo, bado unatafuta vya kutazama?" Wakaangua kicheko, nami nikacheka, haya ikaisha. Ningejua kwamba inaisha kwa kicheko kimoja!

Pampu ina sauti yake. Ikivuta vizuri inanguruma sawasawa. Chujio likianza kuziba sauti inapanda, inakuwa nyembamba, kama inalia. Siku ile kabla ya adhuhuri pampu zote nne zilikuwa zinalia. Ilibidi nibadili machujio katikati ya siku, jambo ambalo miaka yangu yote sikuwahi kulifanya kwenye ghala. Yaliyotoka hayakuhitaji mizani. Unga umejikusanya juu yake mpaka unamwagika ukiinamisha. Nikatoka nje nikapenga kwenye kitambaa, nikaweka kitambaa na chujio sambamba juu ya kibao. Rangi moja.

Ripoti mpya ilikuwa fupi. Aya ya kwanza inasema ripoti ya mwanzo ni ya uongo na aliyeiandika ni mimi. Mkuu alitaka niandike "ilikuwa na mapungufu". Nilikataa. Meneja aliambiwa afungue madirisha, aweke feni za kutoa hewa nje, awape barakoa zinazobana uso, na mifuko iliyochanika ifungashwe uwanjani chini ya banda. Alifanya kwa shingo upande. Fremu aliishusha mwenyewe, nikiwa nimesimama pale.

Hapo ndipo watu huniambia, basi mzee, mambo yaliisha vizuri, mbona bado una hasira? Nina hasira kwa sababu nyinyi mmenitumia picha ya msumari. Mlipata namba, sivyo? Nzuri, zimepangika. Mmeshaandika "ya kuridhisha"? Kama mmeshaandika, nendeni mkafute leo, kabla mtu hajaikunja ripoti yenu mara nne ndani ya nailoni. Na kama mkuu wenu atawaambia litajifia, benchi lipo, mimi nililikalia, halijavunjika.

Nilipanda Kitangari na nakala ya ripoti mpya. Nakala nyingine niliipeleka hospitali kwa mkono wangu, nikasimama mpaka ikatiwa kwenye faili lake. Mama Zuhura alikuwa amekaa uani, ameegemea ukuta, maana kulala chali alikuwa hawezi tena. Akaomba nimsomee. Nikamsomea yote. Nikamweleza na ile habari ya kanga, na kwamba kosa si la kwao walioifunika, ni langu mimi ambaye sikutazama. Akaniomba nirudie pale panaposema uongo ni wangu. Nikarudia. Akaniomba nimsomee na pale panaposema vumbi lile linaharibu kifua. Nikasoma.

"Kwa hiyo," akasema, "sasa kikohozi changu ni cha kweli?"

"Kilikuwa cha kweli tangu siku ya kwanza, Mama Zuhura."

Kikamshika hapo hapo, kikamwinamisha, nikangoja mpaka kikamwachia. Akajifuta mdomo kwa pindo la kanga, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ikawa na hasira.

"Sasa Baba Edna, siku zote hizo nilizokuwa nakohoa mbele yenu, mlikuwa mnangoja karatasi iwaambie nini?"